Machicha ya Tangi Namba Saba

Kwa miaka tisa Awoba alikwenda kazini kila siku ya kazi, na kwa miaka tisa hakufanya kazi yoyote. Alikuwa mkuu wa maabara katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Ibiakiri, ng'ambo ya daraja ukitoka Port Harcourt, na kiwanda hicho kilikuwa kimelala. Mafuta ghafi yalichimbwa vijijini kwao, yakapita kwenye mabomba chini ya mashamba ya mihogo ya shangazi zake, yakafika bandari ya Bonny, yakapakiwa melini yakaenda zake. Petroli ya kutia kwenye magari ilirudi kwa meli nyingine, kutoka Ulaya. Ibiakiri palibaki geti, bendera na wafanyakazi mia sita waliopokea mshahara kila mwisho wa mwezi kana kwamba kuna kitu walichokifanya.

Ndani ya maabara mambo yalikuwa yameharibika polepole mpaka watu wakayazoea. Msaidizi wake, Nwibari, Mwogoni mwenye maneno mengi na moyo mwema, alikuwa ametundika mashati ya kuuza ndani ya kabati la kuvutia moshi. Mama mmoja wa idara ya ugavi alihifadhi samaki wake wakavu kwenye jokofu la sampuli. Chupa kubwa za kuchemshia mafuta zilikuwa zikilowekewa mbegu za tikiti za kupikia mchuzi wa egusi. Kwenye tanuri kuu la kiwanda waliingia popo, wakazaana, na kinyesi chao kikafika magotini, lakini ofisa wa usalama aliendelea kuandika kila Ijumaa kwamba hali ni shwari.

Mwaka wa kwanza Awoba aliona aibu. Mwaka wa pili aliona hasira, akaandika barua ambazo hazikujibiwa. Mwaka wa tatu alijenga nyumba. Watoto wake wawili walimaliza chuo kikuu kwa mshahara huohuo, na mumewe, Mwalimu Ibifuro, alipostaafu na pensheni yake kuanza kusuasua, ni mshahara huohuo uliomtibu macho. Kwa hiyo Awoba hakuwa na mdomo wa kumsema mtu. Alichobaki nacho ni kinyaa tu. Hakula chakula cha kantini. Kila asubuhi alifuta masizi kwenye dirisha la maabara, masizi meusi yenye mafuta yaliyoletwa na upepo kutoka kwenye mikoko, ambako vijana walipika mafuta ya wizi kwenye mapipa. Nwibari alikuwa akimwambia, "Mama, usiwafute hao. Ndio wenzetu pekee wanaosafisha mafuta siku hizi."

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, meneja mkuu alimwita ofisini kwake. Injinia Tariah na Awoba waliajiriwa mwaka mmoja, yeye kwenye mitambo, Awoba kwenye maabara, na enzi zile walikuwa wakipanda pamoja juu kabisa ya mnara kuchukua sampuli huku upepo ukiwavuta nguo. Siku hizi Tariah alikuwa amenenepa, shingo imemezwa na ukosi wa shati. Alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamwambia kwamba waziri anakuja Jumamosi kufungua kiwanda.

Awoba alidhani hakusikia vizuri. Mnara haujawashwa, alimkumbusha. Pampu mbili zimeuzwa kama vyuma chakavu, na tanuri lina popo.

"Popo watatolewa," Tariah alisema.

"Na mafuta?"

"Mafuta yatakuja."

"Yatakuja kutoka wapi, Tariah? Sisi ndio tunaotakiwa kuyatoa."

Tariah alicheka kidogo, akainuka akafunga mlango. Akamweleza mpango mzima bila kuona haya. Malori kumi yatapakiwa petroli kutoka tangi namba saba mbele ya kamera. Kutakuwa na ngoma na chakula. Kabla waziri hajakata utepe, Awoba atasimama asome cheti cha ubora, kwa sababu Mheshimiwa anapenda kuonekana akiwa na wanawake wataalamu. Kisha kile kiti cha naibu meneja kilichokaa wazi tangu mwaka juzi kitakuwa chake mpaka atakapostaafu.

"Watu wamechoka kuambiwa hatuwezi," alisema. "Tuwape furaha kidogo, dada yangu. Kuna ubaya gani?"

Awoba alisema atapima kwanza. Tariah akasema apime, nani amemkataza kupima.

Malori yalianza kuingia Jumatano mchana kweupe, mvua ikinyesha, wala hakuna aliyejali kuyaficha. Awoba alisimama dirishani akayahesabu mpaka ishirini na mawili. Yaliingia yameinama kwa uzito, matairi yamejibana, na yalitoka mepesi yakirukaruka kwenye matuta. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale alikuwa ameona kinyume chake: lori huingia tupu likatoka limejaa. Aliacha dirisha, akakaa chini.

Nwibari alichukua mwavuli akaenda kupiga soga na madereva. Aliporudi alikuwa amelowa miguu na anacheka kicheko kisichofika machoni. Dereva mmoja Mhausa, mtu mzima, alikuwa amemwonyesha karatasi za mzigo. Petroli ilipakiwa kwenye maghala ya bandarini, na meli iliyoileta ilitoka Ulaya, ikakaa majuma mawili baharini ikingoja mnunuzi.

"Unajua kaniambia nini?" Nwibari alisema. "Kasema, 'Miaka kumi na tisa nabeba mafuta. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaleta kiwandani. Kesho nitaambiwa nipeleke maji mtoni.'"

Asubuhi ya Alhamisi walipanda wenyewe juu ya tangi namba saba, Awoba mbele, Nwibari nyuma amebeba kamba na chupa ya sampuli. Awoba alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti yalimlalamikia kila ngazi. Alipofungua kifuniko cha kupimia, harufu ilimpiga usoni mpaka akarudi nyuma akashika chuma. Petroli ina harufu yake, kali lakini safi. Mtu aliyekaa nayo miaka thelathini anaijua kama anavyojua mashuka ya nyumbani kwake. Hii ilinuka mayai viza. Chini ya mayai viza kulikuwa na kitu kingine, kama kabichi iliyosahauliwa chunguni.

Waliteremsha chupa katikati ya tangi, kisha wakaiteremsha mpaka chini. Ya katikati ilitoka na rangi ya mkojo wa mtu mwenye homa ya manjano. Ya chini ilitoka na maji, na juu ya maji tope la kahawia lililokuwa likivutika kama kamasi.

"Mama, hii watu watatia kwenye gari?" Nwibari aliuliza.

Maabara ilibidi isafishwe kwanza. Nwibari alitoa mashati yake, akamwaga mbegu za tikiti, akasugua chupa kwa mchanga na sabuni. Awoba alichukua kipande cha shaba, akaking'arisha kwa msasa mpaka akauona uso wake ndani yake, akakitumbukiza kwenye petroli na kukiweka ndani ya maji ya moto kwa saa tatu. Petroli nzuri hukirudisha kipande cha shaba karibu na kilivyoingia. Hiki kilitoka cheusi tii, kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Mashine ya kupimia salfa ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alituma chupa moja mjini kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye maabara yake, na kabla ya jioni majibu yakaja. Salfa ilikuwa mara sita ya inayoruhusiwa hapa kwao. Huko ilikotoka, mwanafunzi aliandika, isingeruhusiwa hata kwenye mashine ya kukatia nyasi.

Awoba aliyasoma majibu mara mbili. Kilichomkirihi zaidi ni jinsi mambo yote yalivyokuwa wazi. Mafuta yaliyotolewa chini ya ardhi ya mama yake yalikuwa mepesi, matamu, yanayosifiwa dunia nzima, na hayo watu wa huko wanayasafisha wakatumia wenyewe. Kisha wanakusanya machicha ya mapipa yao, wanachanganya hiki na kile mpaka kitu kishike moto, wanapakia, na huku kuna mtu anayasubiri kwa mikono miwili. Wala wauzaji hao hakuwachukia sana. Mchuuzi huuza kile alichopatia mnunuzi. Aliyemtia kinyaa ni huyu mnunuzi, mwenye kisima uani kwake, anayekwenda kununua maji machafu kwa jirani na kisha kuwaita watoto waje wayapigie makofi.

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Mwalimu Ibifuro alikuwa amekaa barazani akichokonoa konokono wa mikoko kutoka kwenye magamba yao kwa pini. Alisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akauliza imebaki miaka mingapi astaafu. Minne, Awoba alijibu. Mumewe akaweka pini chini.

"Mama Belema, miaka tisa tumekula. Mimi na wewe, na watoto. Hatukuuliza chakula kinatoka jiko gani. Leo ndiyo unataka kutapika, tena mbele ya wageni?"

"Ndiyo."

"Kwa nini leo?"

"Sijui, Baba Belema. Tumbo halichagui siku."

Mwalimu aliokota tena pini yake. Baadaye alisema kwamba akiamua kusoma ukweli, basi ausome polepole, kwa sababu watu wa serikali hawasikii haraka.

Awoba aliandika cheti Ijumaa kwa mkono wake, akakichapa, akakigonga muhuri wa maabara. Hakumwonyesha Tariah, na Tariah hakukiomba. Kwa miaka mingi hakuna karatasi aliyoandika Awoba iliyokuwa imesomwa na mtu, na meneja hakuona sababu ya kuanza sasa.

Jumamosi Ibiakiri ilipambwa. Maturubai meupe yalitandazwa mbele ya matangi. Kuta za mnara zilipakwa rangi upande wa kamera tu, na upande wa pili kutu iliachwa kama ilivyo. Popo walikuwa wamefukuzwa kwa moshi Alhamisi, na waliokufa walikuwa wamefagiliwa nyuma ya karakana wakaachwa hapo, kwa hiyo upepo ulipogeuka wageni waliziba pua kwa vitambaa wakidhani ndiyo harufu ya mafuta. Kulikuwa na fulana, kofia, na vitenge vilivyochapwa picha ya kiwanda kikitoa moshi. Ng'ombe watatu walichinjwa. Wacheza ngoma kutoka vijiji vya Wakalabari walivaa shanga na matumbawe, wakacheza kwa madaha, na machifu walikaa mstari wa mbele na fimbo zao na kofia zao ndefu.

Waziri alichelewa kwa saa nne. Alipofika alikuwa na simu sikioni, na aliendelea kuwa nayo sikioni karibu muda wote, akiwapungia watu kwa mkono uliobaki. Hotuba zilitolewa. Mshereheshaji, kijana wa redio mwenye koti linalong'aa, alitangaza kwamba sasa mtaalamu wetu, mama yetu, binti wa udongo huu, atasoma cheti cha petroli ya kwanza ya Ibiakiri.

Awoba alipanda jukwaani. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la maabara juu ya vitambaa viwili vya kufunga kiunoni. Alisogeza kipaza sauti akasoma polepole, kama alivyoambiwa na mumewe.

"Petroli iliyomo katika tangi namba saba haikusafishwa katika kiwanda hiki. Imeletwa kwa malori kutoka maghala ya bandarini, na iliingia nchini kwa meli. Ina maji. Ina tope. Salfa yake ni mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Haifai kutumika katika gari, boti wala jenereta. Mimi, mkuu wa maabara, siipitishi."

Aliteremsha karatasi. Kiongozi wa bendi alikuwa ameambiwa aanze kupiga pindi mama atakapoteremsha karatasi, naye akaanza. Matarumbeta yakalia. Watu wakapiga makofi, kwanza machifu, kisha mstari wa pili, kisha kina mama wenye vitenge, wakapiga na vigelegele. Waziri alitoa simu sikioni, akainuka, akamshika Awoba mkono kwa mikono yake miwili laini.

"Kazi nzuri sana, mama," alisema. "Wataalamu wetu wenyewe. Hawa ndio ninaowataka."

Kamera zikamulika. Awoba alimtazama usoni kutafuta kama anafanya mzaha, akaona hafanyi. Waziri hakusikia neno hata moja. Kati ya watu elfu mbili waliokuwa pale, waliosikia walikuwa wawili: Nwibari, aliyekuwa ameinamisha kichwa, na Tariah, ambaye jasho lilikuwa limeloanisha ukosi wake. Utepe ulikatwa. Malori kumi yakapakiwa yakatoka getini yakipiga honi. Awoba aliletewa sahani ya wali na nyama. Aliitazama, akaenda nyuma ya karakana, na hapo, karibu na lundo la popo, akatapika kweli.

Jumatatu alikwenda kwa Tariah akitarajia kufukuzwa. Tariah hakuwa na hasira. Alikuwa amejilaza kwenye kiti, na kitu kilichoonekana usoni mwake kilikuwa afadhali kingekuwa hasira.

"Nilikosa usingizi siku mbili nikingoja simu kutoka Abuja," alisema. "Haikuja. Umeusema ukweli wako, Awoba, kwenye kipaza sauti, mbele ya waziri. Wamepiga makofi. Sasa unataka nini tena?"

Alimsukumia gazeti. Picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele, ameshikwa mikono na waziri. Kisha, kwa sababu alimheshimu bado au kwa sababu alitaka kumaliza jambo, akamsukumia na karatasi nyingine. Kilikuwa cheti cha ubora cha tangi namba saba, kila namba iko sawasawa, na chini yake jina la Awoba na sahihi yake, iliyonakiliwa vizuri kutoka kwenye fomu ya likizo. Nakala zake zilikuwa zimeshabandikwa kwenye vituo vyote vya mafuta vya mji.

Awoba aliikunja karatasi hiyo, akaondoka nayo. Alikwenda nyumbani akalala kitandani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ujana. Alijiambia amefanya alichoweza.

Siku ya tatu wakaja wanawake.

Walikuwa kama ishirini, wachuuzi wa unga wa muhogo na dagaa wanaokwenda visiwani kwa boti. Aliyetangulia alikuwa Ibim, mjane mwenye mabega mapana ambaye Awoba alimfahamu kwa kununua kwake unga wa muhogo. Alibeba dumu la plastiki. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Alichukua beseni la kufulia lililokuwa uani kwa Awoba, akamimina kilichokuwa ndani ya dumu, na ile harufu ya mayai viza ikajaa uani mpaka ndani ya nyumba.

"Inama unuse," Ibim alisema.

"Ninaijua."

"Unaijua, eh? Na jina lako lililobandikwa kituoni unalijua?"

Mwanamke mwingine alieleza, kwa kuwa Ibim sauti ilikuwa imemkauka. Jumanne boti yao ilizima mashine katikati ya mkondo, maji yakitoka kuelekea baharini. Wanawake kumi na wanne na mtoto mchanga mmoja. Nahodha alivuta kamba ya mashine mpaka viganja vikatoka damu. Walipelekwa na maji kwa saa tano, wakapiga kelele mpaka sauti zikaisha, na walikuwa wameshafika mahali unapoanza kuona taa za meli zinazongoja mafuta Bonny ndipo wavuvi wakawakuta. Mizigo yote walikuwa wameitupa majini ili boti isizame. Mashine ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na maji na ute wa kahawia.

"Nilikuona kwenye gazeti umeshikwa mikono," Ibim alisema. "Nikasema, huyu mke wa mwalimu ametufikisha mbali. Kumbe unatuuzia mavi."

Mwalimu Ibifuro alitoka barazani kutaka kumtetea mkewe, Awoba akamzuia kwa mkono. Aliona kwamba hana haki ya kutetewa. Alisoma karatasi mahali ambapo hakuna aliyesikiliza, kisha akaja kulala. Na kabla ya hapo alikaa miaka tisa. Alihisi kinyaa kilekile cha siku zote, lakini safari hii hakikuwa na pa kwenda, kilimrudia mwenyewe chote, kikamkaa mdomoni kama shaba.

Aliingia ndani akarudi na karatasi mbili, cheti chake na kile cha kughushi, na kipande cha shaba alichokuwa amekifunga kwenye kitambaa. Akawaeleza kila kitu. Hakuacha hata sehemu ya kiti cha naibu meneja, wala ya mshahara. Wanawake walisikiliza wamesimama. Mmoja alipitisha kidole juu ya shaba ile nyeusi, akakinusa, akatema mate kando.

"Na ulisoma haya mbele ya waziri?" Ibim aliuliza.

"Nilisoma."

"Akafanya nini?"

"Akanipongeza."

Ibim aliokota dumu lake. Kisha akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko. "Basi twende ukatusomee sisi," alisema. "Sisi hatuna bendi."

Walikwenda hivyohivyo kwa miguu, na kila walipopita watu waliongezeka: nahodha mwenye viganja vilivyofungwa vitambaa, waendesha teksi ambao magari yao yalikuwa yamekufa barabarani, kinyozi aliyeunguza jenereta. Kila mtu alibeba dumu lake au chupa yake. Getini kwa kiwanda walimimina vyote kwenye pipa moja mbele ya walinzi, wakakaa chini kwenye lami. Nwibari, aliyekuwa ndani, alitoka nje na kipaza sauti cha betri ambacho hakuna aliyemuuliza amekitoa wapi. Awoba akasoma tena, maneno yaleyale, kwa Kikalabari safari hii. Hakuna aliyepiga makofi. Alipomaliza alisikia mzee mmoja nyuma akisema taratibu, kama mtu anayehesabu, "Miaka tisa."

Walikaa siku nne. Magari hayakuingia wala hayakutoka. Siku ya nne Abuja ilipiga simu iliyokuwa ikisubiriwa, vituo vikafungwa, na tangi namba saba likatiwa lakiri. Tume iliundwa. Ilimwita Awoba mara moja, ikamuuliza kama anaumwa, kama ana mgombea anayemuunga mkono, na kama hawezi kukumbuka kwamba huenda alipima tangi jingine. Alisema anakumbuka vizuri. Aliachishwa kazi kwa kosa la kutoa siri za kiwanda kwa watu wasiohusika, akapoteza mafao yake. Nwibari alihamishiwa kaskazini. Tariah alipelekwa Abuja, kwenye ofisi kubwa zaidi inayosimamia ununuzi wa mafuta kutoka nje, na siku ya kuondoka alipita kwa gari mbele ya nyumba ya Awoba, akapunguza mwendo, hakushuka. Kiwanda kilitangazwa kuwa kimefungwa kwa matengenezo ya muda mfupi.

Nyumbani maisha yalibana. Mwalimu Ibifuro alirudi kufundisha watoto wa watu hesabu barazani, na hakumlaumu mkewe hata siku moja, ingawa kuna siku ukimya wake ulikuwa mzito. Awoba alikaa mwezi mzima hajui afanye nini na mikono yake. Kisha manahodha wa gati walimtuma Ibim kumwomba jambo. Hawakuwa na petroli nyingine zaidi ya ile ya melini, hiyo walikuwa wanajua. Lakini walitaka mtu awaambie ipi itawafikisha na ipi itawaua.

Sasa hukaa gatini kuanzia alfajiri, chini ya kibanda cha mabati, na jiko la mkaa, sufuria ya maji, chupa zake na vipande vyake vya shaba. Wachuuzi wa petroli huleta mapipa yao, yeye huchota, hunusa, hupima, kisha huandika kwa chaki. Si maabara. Lakini kuna siku hufanya kazi nyingi zaidi ya alizofanya katika miaka tisa.

Juzi alikataa mapipa matatu kati ya manne. Mwenye mapipa, mtu wa makamo aliyenyoa upara na mwenye haraka, alimbishia kwanza kwa hasira, kisha kwa upole. Alimwambia yeye hatengenezi petroli, anainunua ghalani kama kila mtu, na ghalani wanainunua melini, na melini ndiyo hiyohiyo. Boti saba zilikuwa zimefungwa zikisubiri. Abiria walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakila ndizi za kuchoma na samaki, wakimtazama.

"Ukikataa hii, mama," mwenye mapipa alisema, "leo hawa wote watakwenda na nini?"

Awoba alifuta mikono kwenye kitambaa.  Alisema wataanza na pipa moja lililofaa, boti mbili ziondoke, na wengine watasubiri.

Wakasubiri. Ibim alishuka kwenye gunia lake, akavua viatu, akaomba mtu ampishe kivulini.